SARATANI YA KONGOSHO NA DALILI ZAKE ZA AJABU

Wengi wetu tukisikia kongosho tunakumbuka ule mchoro wa Bayolojia: kitu kama jani refu, sentimita 15 hivi, kimelala nyuma ya tumbo. Kinatoa insulini ya kusawazisha sukari na maji ya kusaga chakula. Basi, daftari limeishia hapo. Mimi nataka tuendelee kidogo, kwa sababu saratani ya kiungo hiki ina ujanja. Dalili zake za kwanza huweza kutokea mahali pengine kabisa.

Hebu tuanze na macho. Mrija wa nyongo kutoka kwenye ini hupita katika kichwa cha kongosho. Uvimbe ukiota pale huubana, na nyongo hurudi kwenye damu. Macho huwa ya manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, choo hupauka na ngozi huwasha. Mara nyingi hakuna maumivu yoyote, kwa hivyo mtu hungoja. Na maji ya kusaga yakipungua, mafuta ya chakula hayasagiki. Choo huelea na hakiendi hata ukimwaga maji. Msicheke, hii ni dalili!

Nyingine huonekana miguuni. Mwaka wa 1865 huko Paris, daktari Armand Trousseau alifundisha kuwa damu inayoganda mishipani bila sababu, leo hapa kesho pale, huenda ikaonyesha saratani iliyojificha. Mwaka wa 1867 aliiona ishara hiyo mwilini mwake mwenyewe, na mwaka huo huo akafa kwa saratani ya tumbo. Saratani ya kongosho ni mojawapo ya zile zinazogandisha damu zaidi.

Lakini inayonigusa mimi ni kisukari. Mjomba wangu, fundi wa baiskeli, alikuwa na miaka 61 alipopatikana nacho, na katika ukoo wetu hakuna mwingine. Aliacha sukari kwenye chai, akameza dawa, akazidi kukonda. Mshipi wake aliutoboa tundu jipya kwa msumari mara tatu. Majirani wakasema sukari inamla. Usiku mgongo ulimuuma akilala chali. Akiketi na kuinama mbele, alipata nafuu. Uvimbe ulikuwa mkiani mwa kongosho, mbali na mrija wa nyongo, ndiyo maana macho yake yalibaki meupe. Ulipoonekana ulikuwa umeshafika kwenye ini. Tulimzika baada ya miezi minne.

Sitaki mwende nyumbani kuwatisha wazee. Kati ya watu 100 waliopita miaka 50 wanaopata kisukari kwa mara ya kwanza, ni karibu mmoja tu mwenye saratani hii. Ila mzee akipata kisukari ghafla huku anakonda bila kujinyima chakula, daktari aulizwe wazi kuhusu kongosho. Picha ya mawimbi ya sauti huweza kuukosa uvimbe, maana gesi ya utumbo huuficha. Picha ya CT huonyesha vizuri zaidi.