Somo kwa Wapiga Tarumbeta: Sikio Kwanza, Midomo Baadaye

Somo la wiki hii ni la wapiga tarumbeta wa timu ya sifa. Lakini hata wewe unayeimba ukiwa kwenye kiti chako, usifungue ukurasa mwingine. Tarumbeta ikitoka nje ya noti, wewe ndiwe wa kwanza kupotea wimbo.

Nimesikia vijana wetu wakisema ati tarumbeta zimezeeka, kamati inunue mpya. Mimi nilisomea biashara, na kabla ya matumizi yoyote huuliza: pesa hii itatatua shida gani? Hebu tupige hesabu.

Tarumbeta ina valvu tatu. Ya pili hushusha sauti nusu toni, na kwa hiyo bomba linahitaji kurefuka karibu asilimia 6. Ya kwanza hushusha toni nzima, asilimia 12. Ya tatu, toni moja na nusu, asilimia 19. Ukibonyeza zote tatu, jumla ni asilimia 37. Lakini kushuka nusu toni sita kunahitaji asilimia 41! Sauti ni kama riba inayohesabiwa juu ya riba, si juu ya pesa ya kwanza pekee. Bomba limepungukiwa takriban sentimita 6, basi C shapu ya chini inatoka juu mno. Ndiyo maana slaidi ya valvu ya tatu ina pete ya kidole: isukume nje. D ya chini pia, sukuma, ila kidogo.

Upungufu huo uko hata kwenye tarumbeta mpya. Na kinachojua slaidi itoke kiasi gani ni sikio lako.

Sikio tutalifundishaje? Hapa ndipo noti za pedali zinapoingia. Noti ya mwisho chini, kwa kawaida, ni F shapu ya valvu zote tatu. Zilizo chini yake ndizo pedali. Kwenye noti za kawaida, tarumbeta hukushika mkono. Ukikosea kidogo, inakuvuta kwenye noti. Kwenye pedali inakuachilia, nawe unateleza. Hapo utajua kama kweli unaisikia noti au ulikuwa unabebwa na chombo. James Stamp na Claude Gordon, walimu mashuhuri wa tarumbeta Marekani, walizitumia katika mazoezi yao.

La kufanya wiki hii, dakika 10 kila siku:

1. Pasha tarumbeta moto kwanza. Ikiwa baridi, sauti hushuka.

2. Kila noti, ipate kwenye kinanda, iimbe, ndipo upulize. Kumbuka C yetu ni B-flati ya kinanda.

3. Anza C ya chini, shuka nusu toni moja moja hadi F shapu, kisha uingie F ya pedali kwa valvu ya kwanza, halafu E kwa ya kwanza na ya pili. Vidole ni vilevile vya oktava ya juu yake. Hewa iwe nyingi na polepole, pembe za mdomo ziwe imara. Usikandamize.

4. Fumba macho, shikilia noti, ndipo ufungue utazame tyuna. Ukitazama mapema, macho ndiyo yanayopiga, siyo sikio.

5. Panda oktava moja bila kubadilisha mdomo. Pumzika muda sawa na uliopiga. Midomo ikiuma, acha.

Siku za kwanza pedali itakoroma kama pikipiki asubuhi ya baridi. Usijali, endelea. Baada ya wiki nne tukutane na tyuna, kila mmoja apige C shapu ya chini akiwa amefumba macho. Tarumbeta itakayokuwa bado inasumbua sikio lililofundishwa, hiyo nitaiombea pesa kwa kamati mimi mwenyewe.