Kabla ya Kuandika, Tafuta la Kusema

Nikiwa mwaka wa kwanza, mhadhiri alinirudishia insha akiwa ameandika pembeni: "Hoja yako iko wapi?" Niliumia, kwani nilikuwa nimejaza kurasa nne kwa maneno mazito.

Kumbe swali lile ni la kale. Cicero wa Roma alitaja sehemu tano za kazi ya msemaji: kutafuta hoja, kuzipanga, kuchagua lugha, kuhifadhi moyoni na kutamka. Tatu za mwanzo ndizo tunazofundishwa hadi leo: kusanya mawazo, panga muhtasari, kisha andika.

Wanazuoni wetu nao walizama humo. Ibn Rushd alifafanua kitabu cha Aristotle kuhusu sanaa ya hotuba. Abdul-Qahir al-Jurjani, wa karne ya 11, alionyesha kuwa uzuri wa usemi hautokani na neno moja moja, bali na maneno yanavyopangwa kufuata maana. Hapo ndipo nilipokosea: nilitafuta maneno kabla ya maana.

Zoezi: kabla ya insha ijayo, andika hoja yako kwa sentensi moja. Ikikushinda, rudi maktaba kwanza, usikimbilie kalamu.