Selimundu: Utafiti wa Anthony Allison Kandokando ya Ziwa Viktoria

Katika darasa la wanafunzi 40 huko Ilemela, yamkini wanafunzi 8 wamerithi jeni moja ya selimundu bila kujua. Hawaumwi. Hucheza mpira na kufaulu mitihani kama wenzao. Lakini siku watakapooa au kuolewa, jeni hiyo yaweza kumletea mtoto wao maradhi makubwa. Makala haya yanaeleza jinsi mwanasayansi mmoja alivyotambua sababu ya jeni hiyo kuenea sana katika mwambao wa ziwa letu.

Ugonjwa wenyewe

Seli nyekundu ya damu ina umbo la kisahani kilichobonyea katikati, nayo ni laini, hivyo hupenya mishipa myembamba bila shida. Ndani yake mna himoglobini, protini ichukuayo oksijeni. Mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa wa selimundu si sawa na ya watu wengine. Baadaye Vernon Ingram, huko Cambridge, aliona kuwa tofauti yenyewe ni ndogo mno: katika mnyororo mmoja wa protini hiyo, asidi ya glutamiki iliyo nafasi ya sita imebadilishwa na valini.

Badiliko hilo hufanya himoglobini iliyopungukiwa na oksijeni ishikamane, na seli hupinda kama mundu. Seli hizo huziba mishipa, na mifupa huathirika mapema. Mtoto mchanga huvimba viganja na nyayo. Akikua, kichwa cha mfupa wa paja chaweza kufa kwa kukosa damu, naye akachechemea maisha yake yote.

Fumbo la Allison

Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia shambani karibu na Gilgil, Kenya. Mwaka 1949 alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya, akakusanya damu ya watu wa makabila mbalimbali. Matokeo yalimshangaza. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na jeni hiyo. Katika nyanda za juu hawakufika hata 1.

Je, jeni inayoua watoto yawezaje kudumu? Allison alikumbuka kwamba nyanda za juu zina malaria kidogo, na pwani na ziwani malaria ni nyingi. Akakisia kuwa mtu mwenye jeni moja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Mwaka 1953 alirudi kulipima wazo lake. Karibu na Kampala alichunguza watoto 290:

Wenye jeni: 43; waliokutwa na vimelea vya malaria: 12 (27.9%).
Wasio na jeni: 247, waliokutwa na vimelea: 113 (45.7%).

Tena aliwaambukiza malaria Waluo 30 waliojitolea. Kati ya 15 wasio na jeni, 14 waliambukizwa. Kati ya 15 wenye jeni, 2 tu. Siku hizi jaribio la namna hiyo haliruhusiwi bila usimamizi mkali. Alichapisha matokeo mwaka 1954. Wapo waliompinga, lakini tafiti zilizofuata zilimthibitisha. Baadaye aligeukia elimu ya kinga ya mwili, akashiriki kutengeneza dawa inayozuia mwili kukataa kiungo kilichopandikizwa. Alifariki mwaka 2014.

Hesabu ya kwetu

Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa sampuli 17,200 za damu ya watoto wadogo wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, uliofanyika Bugando, Mwanza. Wenye jeni moja walikuwa 20.3%, na wagonjwa, yaani wenye jeni mbili, 1.2%.

Mwanafunzi na aihakiki kwa kalamu yake. Ikiwa mtu 1 katika 5 ana jeni, uwezekano wa wenye jeni wawili kukutana katika ndoa ni 1/5 × 1/5 = 1/25. Kila mtoto wao ana uwezekano wa 1/4 wa kurithi jeni zote mbili. Basi 1/25 × 1/4 = 1/100, yaani 1%, karibu sawa na kilichopimwa.

Mambo mawili yazingatiwe. Kwanza, mtoto mgonjwa hurithi jeni moja kwa baba na moja kwa mama. Kumlaumu mama peke yake ni kosa la hesabu na la utu. Pili, kinga aliyoigundua Allison ni ya mwenye jeni moja. Mwenye jeni mbili malaria humdhuru vibaya sana, hivyo alale ndani ya chandarua na kuhudhuria kliniki bila kukosa. Ipo dawa, haidroksiyurea, ipunguzayo maumivu yake. Aliye mzima naye anaweza kupimwa damu kabla ya ndoa.

Maswali

1. Baba ana jeni moja, mama hana. Je, mtoto wao aweza kuugua selimundu? Eleza.
2. Malaria ikitokomezwa kabisa, idadi ya wenye jeni hii itabadilikaje baada ya vizazi vingi? Kwa nini?
3. Kwa nini Allison alihitaji kuwachunguza pia watoto wasio na jeni?