Nia na Mwendo wa Mkono

Somo la fizikia hutufundisha kwamba mwendo wa kitu hutegemea kani zinazokisukuma au kukivuta. Mkono wa mtu nao hufuata kanuni hiyo. Lakini kani za misuli huongozwa na ubongo, nao ubongo hupanga mwendo kwa kuzingatia jambo litakalofuata.

Tuchukue mfano wa Isaka, wilayani Kahama, ambako mizigo iliyoletwa kwa reli kutoka Dar es Salaam hupakiwa katika malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Mchukuzi anayetupa gunia juu ya rundo, na yule anayempokeza mwenzake, wote hushika gunia kwa mikono miwili. Hata hivyo, wa pili hana budi kupunguza kasi mapema. Mpokeaji huutazama mwendo huo, akatayarisha miguu na mgongo kabla mzigo haujamfikia. Asipoutambua vema, huweza kuumia.

Mwaka 1987 R. G. Marteniuk na wenzake, nchini Kanada, waliwapima watu waliochukua kisahani ama kwa kukitupa chomboni, ama kwa kukipachika katika tundu linalokitosha barabara. Ilipokusudiwa kukipachika, mkono ulitumia muda mrefu zaidi kupunguza kasi hata kabla ya kukigusa. Mwaka 2008 Cristina Becchio na wenzake, nchini Italia, walionyesha kwamba mwendo wa kukifikia kitu hubadilika pia iwapo kitu hicho kitatiwa mkononi mwa mtu badala ya chomboni. Basi kuwapo kwa mwenzetu huingia katika mpango wa misuli yetu.

Jaribio. Mwanafunzi wa kwanza arushe sarafu kwa siri. Ikionyesha kichwa, achukue kikombe mezani ampe mwenzake. Ikionyesha upande wa pili, akiweke juu ya kitabu kilicho mahali pale pale. Pazia limfiche mpokeaji pamoja na kitabu. Mwanafunzi wa tatu, akiutazama mkono tu, aseme nia yake kabla kikombe hakijaguswa. Rudieni mara 20. Anayebahatisha hutazamiwa kupata majibu sahihi 10 hivi. Kupata 15 au zaidi kwa bahati hutokea takriban mara 2 tu katika 100.

Maswali
1. Kwa nini sarafu itumike badala ya mwanafunzi kujichagulia?
2. Je, matokeo hubadilika mpokeaji akiwa mwalimu? Elezeni kwa kufikiria desturi ya kumpa mkubwa kitu kwa mikono miwili.