Umri wa Msumeno wa Mnyororo

Mtu anunuapo msumeno wa injini kwa kukata miti au kupasua mbao, mara nyingi hutoa fedha alizoziweka kwa muda mrefu, au mkopo wa chama cha ushirika. Basi ni haki yake kuuliza: Je, chombo hiki kikitunzwa vema kitadumu muda gani?

Jambo la kwanza la kukumbuka ni ya kuwa umri wa msumeno hauhesabiwi kwa miaka, bali kwa saa ambazo injini imefanya kazi. Misumeno iliyoundwa kwa wakataji miti wa kila siku hukadiriwa na mafundi kufikia saa 1,500 hata 2,000 kabla ya kuhitaji pistoni na silinda mpya. Misumeno myepesi ya nyumbani haikuundwa kwa taabu hiyo, nayo huchoka mapema zaidi.

Tufanye hesabu. Mkataji ambaye injini yake hunguruma saa 4 kwa siku, siku 5 kwa juma, hutimiza saa 2,000 katika majuma 100, yaani miaka miwili hivi. Mkulima akataye mikalitusi yake kwa saa 50 tu kila mwaka hangefikia saa hizo hata baada ya miaka 30. Kwake yeye, mipira ya kupitisha petroli ndiyo itakayozeeka kwanza, nayo hubadilishwa kwa gharama ndogo.

Lakini misumeno mingi haifi kwa uzee; huuawa. Muuaji wa kwanza ni petroli tupu. Injini hii haina oili iliyowekwa ndani yake. Oili yote huja pamoja na petroli. Kipimo cha kawaida siku hizi ni sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 100 kwa lita 5, ila kitabu cha msumeno wenyewe ndicho cha kufuatwa. Petroli isiyo na oili huweza kuikwaruza pistoni kwa dakika chache tu.

Muuaji wa pili ni vumbi. Chujio la hewa lisafishwe kila siku ya kazi, hasa wakati wa kiangazi. Wa tatu ni mnyororo butu. Mnyororo mkali hutoa vipande vya mti. Ukitoa unga, umekwisha kuwa butu, na mtu aukandamizaye huichosha injini na kuipasha moto bure. Dakika chache za tupa huokoa fedha nyingi. Wa nne ni mafuta yaliyolala. Msumeno utakaowekwa zaidi ya mwezi mmoja umwagwe petroli, kisha injini iwashwe mpaka izime yenyewe, ili kabureta isigande uchafu.

Mnyororo, chuma kirefu kinachouongoza, gurudumu lake la meno na plagi ni vitu vya kulika. Kuvibadilisha si dalili ya kufa kwa msumeno, kama vile kubadilisha mpini si kufa kwa jembe. Chuma hicho kigeuzwe juu chini mara kwa mara ili kilike sawasawa, na tangi la oili ya mnyororo lijazwe kila tangi la petroli lijazwapo.

Anunuaye msumeno uliokwisha kutumika auangalie kwa makini. Swichi ikiwa imezimwa, avute kamba ya kuwashia polepole. Kamba ikija bila kupingwa na injini, nguvu za silinda zimekwisha. Aijaribu pia breki ya mnyororo. Msumeno usioshika breki usitumike hata dakika moja mpaka utengenezwe, kwa maana unaporuka nyuma huweza kumwua mtu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Msumeno utunzwao kila jioni hulipa gharama yake, na kumwachia mwenyewe faida.