Mtoto Mnene: Tubadili Chungu, Tusimwaibishe Mtoto



Kwa miaka mingi somo la lishe lilikuwa moja: jinsi ya kumlisha mtoto aliyekonda. Somo hilo bado lina kazi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa hapa Tanzania karibu watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Lakini siku hizi, hasa mijini, kuna pia watoto wenye uzito mkubwa kuliko inavyofaa kwa umri na urefu wao. Mwaka 2025 shirika la UNICEF lilitangaza kwamba, duniani kwa jumla, watoto wa shule na vijana wenye unene uliokithiri wamewazidi kwa idadi wale wenye uzito pungufu. Jambo hilo halikuwahi kutokea kabla.

Mwezi huu tujifunze namna ya kumsaidia mtoto wa aina hiyo bila kumjeruhi moyoni.

KWA NINI TUNACHELEWA KUONA?

Kwetu unene ni sifa. Mtoto akinenepa, watu husema "ametunzwa". Akipungua kidogo tu, majirani hunong'ona kwamba anaumwa au nyumbani hamna chakula. Basi mzazi hufurahia mashavu ya mtoto mpaka siku anapomwona anahema akipanda kilima, analalamika magoti, au anakataa kwenda shule siku ya michezo. Unene wa utotoni mara nyingi huendelea hadi ukubwani, nao huongeza hatari ya kisukari na shinikizo la damu.

Tusipime kwa macho. Mtoto aliye chini ya miaka mitano ana kadi yake ya kliniki. Aliye mkubwa zaidi apelekwe zahanati au kituo cha afya, apimwe uzito na urefu, na vipimo vilinganishwe na umri wake. Mwombe mhudumu akueleze maana yake.

KOSA LINALOUMIZA

Hebu tufikiri juu ya mtoto wa miaka tisa. Familia imeketi kula. Wenzake wamepakuliwa wali na nyama, yeye amewekewa matango peke yake. Kaka zake wanacheka. Usiku anaamka, anakwenda jikoni gizani na kula viporo kwa kujificha. Mama akimkuta, anamchapa. Je, mtoto huyu amejifunza kula vizuri? Hapana. Amejifunza kujificha na kujichukia.

Mtoto hapiki wala haendi sokoni. Anakula kile tulichopika na kunywa kile tulichonunua. Kwa hiyo tuanze na chungu cha nyumba nzima.

TUSEME NINI?

Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mtoto akirudi analia, "Mama, shuleni wananiita Bonge," usicheke, wala usimwambie, "Si ndivyo ulivyo!" Mjibu hivi: "Pole, mwanangu. Jina hilo linaumiza. Nitaongea na mwalimu wako. Na hapa nyumbani sote tutakula vizuri na kucheza zaidi, tuwe na nguvu."

Wakati mwingine utani unatoka kwa ndugu. Zungumza nao pembeni, kwa heshima. Kwa mama mkwe unaweza kusema: "Shikamoo, mama. Mjukuu wako anakupenda sana. Naomba tusimwite Kibonge tena, linamliza. Na ukija safari nyingine, mletee papai au machungwa badala ya soda na biskuti."

MABADILIKO YA NYUMBA NZIMA

1. Vinywaji. Soda ya mililita 300 ina sukari ipatayo vijiko vya chai 7 hadi 8. Maji yawe kinywaji cha kila siku, na soda ibaki ya sikukuu. Sukari ya chai na uji ipunguzwe kidogo kidogo, kwa wote. Tunda zima ni bora kuliko juisi.

2. Mafuta. Pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Chipsi, maandazi na sambusa ziwe za siku moja moja.

3. Sahani. Nusu iwe mboga na matunda: mchicha, matembele, kisamvu, papai, chungwa. Robo iwe ugali, wali au ndizi. Robo iliyobaki iwe maharage, dagaa, samaki, mayai au nyama.

4. Shibe. Usimlazimishe kumaliza sahani akisema ameshiba. Akitaka kuongeza, asubiri dakika chache, kisha aanze na mboga. Tusimtulize mtoto anayelia kwa pipi.

5. Mwendo. Mtoto wa shule anahitaji angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Rede, kombolela, kuruka kamba na mpira havina gharama. Baba atembee naye jioni. Mazoezi yasiwe adhabu.

6. Usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa usiku. Wakati wa kula, televisheni na simu zizimwe.

TUSIFANYE HAYA

Tusimshindishe mtoto na njaa, tusimnyime kifungua kinywa, wala tusimpe dawa au chai za kupunguza unene. Tusimpime kila siku wala mbele za watu. Watoto wengi wanaokua hawahitaji kupunguza kilo. Inatosha uzito ubaki palepale au uongezeke polepole huku urefu ukiongezeka. Mtoto wa miaka tisa hurefuka kama sentimita 5 kwa mwaka, na urefu huo unatusaidia. Mwenye unene mkubwa sana afuate maelekezo ya daktari.

MPELEKE HOSPITALI UKIONA HAYA

- Ana kiu sana na anakojoa mara kwa mara. Hapo mpeleke siku hiyohiyo.
- Anakoroma sana, na pumzi inakatika usingizini.
- Anachechemea, au nyonga na magoti yanamuuma.
- Ngozi ya shingo au kwapa imekuwa nyeusi na nene.
- Ananenepa haraka lakini harefuki, au ameanza kunenepa baada ya kutumia dawa fulani. Usiisimamishe dawa mwenyewe.
- Amekuwa mnyonge, anajitenga, au anakula kwa kujificha.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Je, kuna jina la utani nyumbani kwetu ambalo linamuumiza mtoto? Nani ataanza kuliacha?
2. Wiki iliyopita tulikunywa soda mara ngapi?
3. Ni jambo gani moja tutakalolibadili sote wiki hii, kuanzia baba na mama?