SOMO LETU: KITABU CHA SAFARI YA BABU



Mwalimu anauliza darasani: "Babu yako alitoka wapi?" Mtoto ananyamaza. Si kwamba hajui. Amekatazwa kusema.

Hapa pwani yetu watoto wengi wa Kipemba wamelelewa hivyo. Wazee wao walivuka bahari kutoka Pemba, wengine kabla ya Uhuru wakifuata samaki, wengine baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Walikaa miaka mingi bila kitambulisho. Wapo waliotumia majina ya jirani ili mtoto apate cheti. Mwaka 2023 Serikali iliwatambua Wapemba kuwa kabila mojawapo la Kenya. Hilo ni jema, lakini karatasi peke yake haiondoi aibu.

Tujifunze kwa wenzetu Wahmong wa milima ya Laos. Vita vilipokwisha 1975, wengi walikimbilia Tailandi, kisha Marekani. Kule kambini walidarizi safari yao kwenye kitambaa: kijiji, askari, kuvuka mto Mekong. Mmoja wao, Dia Cha, alieleza kitambaa kilichoshonwa na jamaa zake katika kitabu cha watoto, mwaka 1996. Basi hata kikundi chetu kinaweza.

Tufanye hivi:

1. Tumwombe mzee mmoja asimulie safari moja tu: chombo gani, upepo gani, nani alimpokea.

2. Mtoto aandike maneno yale yale ya mzee, kwa Kipemba chake. Tusimsahihishe.

3. Karatasi nne zikikunjwa katikati ni kurasa 16. Tuchore, tushone kwa uzi wa nyavu.

4. Kabla ya kusomwa mbele za watu, mzee asomewe kwanza. Habari ya jina la kuazima isiingie bila ruhusa yake. Yaweza kumletea shida.

Na wengine wetu tusijifanye wenyeji wa tangu na tangu. Wazee wa Kimijikenda nao husimulia kwamba walitoka Singwaya. Biblia pia inatukumbusha kumpenda mgeni, kwa kuwa watu wa Mungu walikuwa wageni Misri.

Maswali ya kujadiliana:

- Katika kijiji chetu, ni mtoto yupi anayeficha kwao? Tumemfanyia nini mpaka afiche?

- Ni mzee yupi tumwendee wiki hii, kabla hajatuacha na habari zake?